Theluji Haibandikwi Juu ya Ndege

Kila Krismasi inapokaribia, wateja hapa Moshi huniletea picha za ndege wakitaka niziongezee theluji, na karibu kila mmoja huja na imani ile ile kwamba kazi yenyewe ni kutandaza nukta nyeupe juu ya picha. Wiki hii kijana mmoja wa ofisi ya utalii ameniletea picha ya kunguru shingo-nyeupe iliyopigwa kambi ya Barafu, juu kwenye Mlima Kilimanjaro, akaniambia, "Kaka, si unabandika tu ile theluji ya kupakua? Dakika mbili imeisha." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na leo naijibu kwa maandishi, kwa sababu picha zinazotengenezwa kwa imani hiyo zimejaa mitandaoni na zinawafanya watu waudharau uhariri wa ubunifu.

Nianze na rangi, kwa kuwa hapo ndipo ninapokereka zaidi. Theluji ya kupakua mtandaoni ni tabaka jeusi lenye nukta nyeupe, yaani picha inayowekwa juu ya nyingine kwenye programu ya kuhariri, na maelekezo yake husema uliweke juu ya picha kisha ubadilishe hali ya kuchanganya, yaani namna tabaka linavyoungana na picha ya chini, iwe Skrini, ili weusi upotee na nukta zibaki. Hali hiyo kamwe haiwezi kutoa matokeo yenye giza kuliko kilichokuwapo chini yake. Sasa mtazame kunguru huyu: mwili ni mweusi, lakini kisogoni ana doa kubwa jeupe, na ncha ya mdomo wake mnene nayo ni nyeupe. Mwangaza hupimwa kutoka 0, weusi kabisa, hadi 255, weupe kabisa. Chembe ya theluji yenye thamani ya 230 ikiangukia unyoya wenye thamani ya 20, matokeo ni 232, na chembe inaonekana vizuri sana. Chembe hiyo hiyo ikiangukia doa la kisogoni lenye thamani ya 250, matokeo ni 255, yaani tofauti ya hatua tano ambayo jicho haliioni. Theluji inaanguka juu ya mbawa, inatoweka ghafla ikifika shingoni, kisha inaibuka tena mgongoni. Mtazamaji huenda asijue kasoro iko wapi, lakini ataiona picha kuwa ya uongo.

Kwenye anga mambo ni mabaya zaidi. Anayetazama juu wakati theluji inaanguka huziona chembe zikiwa za kijivu, wala si nyeupe, kwa sababu wingu lililo nyuma yake linang'aa kuliko upande wa chini wa chembe unaomwelekea. Kwa hiyo chembe zinazopita mbele ya anga jeupe lazima ziwe na giza kuliko anga lenyewe, jambo ambalo Skrini haiwezi kulifanya hata ukiongeza matabaka kumi. Mimi hutumia tabaka la hali ya kawaida, nikapaka chembe za kijivu hafifu mbele ya anga na mbele ya doa la shingo, na chembe nyeupe zaidi mbele ya manyoya meusi na miamba. Hakuna njia ya mkato hapa, na ndiyo maana ninakataa lugha ya dakika mbili.

Jambo la pili ni kina. Lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya fremu kamili, tundu lake la kupitishia mwanga likiwa f/5.6 na ndege akiwa mita 10 mbele yako, huonyesha kwa ukali eneo la kama sentimita 20 tu. Chembe zilizo ndani ya sentimita hizo ndizo pekee zenye haki ya kuwa kali. Za karibu na lenzi huwa madoa makubwa yanayopenyeka, na za nyuma hulainika hadi kuwa kama ukungu. Faili ya kupakua yenye chembe zote kali inaidai lenzi kitu isichoweza. Tengeneza angalau matabaka matatu, kila moja na ukungu wake.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, nayo huacha ushahidi. Theluji nyepesi huanguka kwa mwendo wa kama mita 1.5 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 chembe husogea milimita moja na nusu na kubaki nukta, ilhali kwa 1/60 husogea sentimita mbili na nusu na kuwa mstari. Basi angalia ncha ya bawa kabla hujapaka chochote: ikiwa imeganda kwa ukali wakati ndege anaruka, mistari mirefu ya theluji haina mahali. Upepo pia usiupuuze, kwa sababu ndege aliyetua kwa kawaida huukabili ili manyoya yasipeperushwe, na theluji inayomjia kutoka mkiani inapingana na mwili wake.

Kisha kuna mwanga, ambao wengi hawaukumbuki kabisa. Theluji mpya hurudisha kati ya asilimia 80 na 90 ya mwanga unaoipiga, kwa hiyo ndege aliyesimama juu yake humulikwa tumboni na chini ya mdomo. Picha zinazotoka kwenye vihamba vya Marangu huja na kinyume chake: tumbo lina giza, na juu ya giza hilo kuna ukijani uliotokana na majani ya migomba. Ukiweka ardhi nyeupe chini ya tumbo la kijani, umeharibu kazi yote. Ondoa ukijani, inua vivuli vya chini, ndipo uanze kufikiria theluji. Kivuli kikali cha jua la mchana nacho hakikai pamoja na theluji inayoanguka, kwa kuwa theluji huanguka kutoka kwenye mawingu. Na kama unataka theluji iliyokwisha kutua chini ya jua la Uingereza, kumbuka kwamba London tarehe 21 Desemba jua la adhuhuri huwa nyuzi kama 15 tu juu ya upeo, wakati hapa Moshi siku hiyo hiyo linafika kama nyuzi 70. Kivuli kifupi kitakuumbua.

Ndege mwenyewe pia ana la kusema. Ndege aliye kwenye baridi hutunisha manyoya ili kushika hewa, na theluji hukaa mgongoni mwake bila kuyeyuka kwa sababu joto halitoki kirahisi. Ndege aliyepigwa picha Arusha saa saba mchana, manyoya yamelala na mdomo uko wazi akihema, hafai kwa kazi hii, na ninawarudishia wateja picha hizo. Mbayuwayu juu ya uzio wa Uingereza wenye theluji ya Januari ninamkataa moja kwa moja, maana mwezi huo mbayuwayu wa kule wako huku Afrika.

Mahali ambapo bado sina kanuni ni usoni. Mafunzo husema jicho liachwe safi, lakini theluji halisi haichagui, na jicho lililoachiwa duara tupu katikati ya theluji nzito linaonekana limefutwa kwa makusudi. Mimi huondoa chembe zinazogusa mng'ao wa jicho na kuziacha nyingine, na kuna siku ninaifungua picha asubuhi na kubadilisha uamuzi wote. Rangi ya buluu nayo inanisumbua: chini ya mawingu theluji ni ya kijivu, buluu ni ya vivuli chini ya anga wazi, lakini wateja huona picha isiyo na buluu haina baridi. Huwa ninawapa kidogo sana, kwa shingo upande.

Kunguru wa Barafu nimekubali kumfanyia kazi, kwa sababu theluji huanguka kweli kambini pale na ndege huyo huishi humo. Chini ya picha itaandikwa kwamba theluji imeongezwa, na haitapelekwa kwenye mashindano ya picha za wanyamapori. Kijana aliomba pia niikuze theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inayoonekana nyuma ya kunguru, nikamkatalia. Kati ya 1912 na 2007 mlima huu ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu, na picha ya Kibo, hata ya kadi ya salamu, watu huisoma kama ushahidi wa hali ya mlima. Chembe zinazopita hewani nitazipaka. Kilele kitabaki kama kamera ilivyokikuta.