Kupima oksijeni na mapigo ya moyo usiku: maswali kutoka Bukavu

Bwana yangu anakoroma sana, halafu ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akivuta hewa kwa nguvu. Ni kukoroma tu?

Huko kunyamaza ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko kukoroma. Katika apnea ya usingizi, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi, na kifua kinahangaika bila hewa kupita. Oksijeni inashuka, ubongo unamshtua, anavuta pumzi, analala tena. Asubuhi hakumbuki lolote, ila ameamka na kichwa kinauma na mchana anasinzia. Ugonjwa huu unaambatana mara nyingi na presha ya damu iliyo juu. Mama, wewe unayelala karibu naye ndiye shahidi wa kwanza: mrekodi kwa simu dakika chache akiwa usingizini, umpelekee munganga video hiyo.

Tuna kile kipimo kidogo cha kidole, tulikinunua wakati wa Covid-19. Nikimwamsha saa nane usiku nimpime, inatosha?

Haitoshi, na hapa wengi wanapotea. Ukimwamsha tu, koo linafunguka, anapumua, na muda si mrefu kipimo kinaonyesha oksijeni ya asilimia 96. Unarudi kulala umetulia, kumbe shida inakuja pale anapolala tena.

Kinachohitajika ni oksimeta, yaani kipimo kama hicho cha kidole, lakini yenye kumbukumbu, inayovaliwa usiku kucha na kuandika oksijeni na mapigo kila sekunde chache. Ukiuliza dukani, uliza jambo hilo moja: je, inahifadhi namba za usiku mzima? Ikisomwa asubuhi, apnea kali huchora mstari wenye meno kama ya msumeno: oksijeni inashuka, inapanda, inashuka tena. Mara nyingi mapigo hupungua pumzi inapokatika, kisha huruka juu inaporudi. Daktari huhesabu ni mara ngapi kwa saa oksijeni imeshuka kwa pointi 3 au 4. Chini ya mara 5 kwa kawaida si tatizo. Zikifika 30, ni hali nzito. Namba moja ya chini peke yake haisemi mengi, pengine kidole kilichomoka tu.

Bukavu tuko juu. Namba gani ni ya kawaida hapa?

Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na 94 au 95 akiwa macho, bila ugonjwa wowote. Mpime kwanza akiwa ametulia jioni, ili ujue anaanzia wapi. Akiwa macho, amekaa kimya, na kipimo kinabaki chini ya 90, usingoje usiku: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ni nini kinadanganya kipimo?

Rangi ya kucha, hina, vidole vya baridi, kujigeuza-geuza. Pia rangi ya ngozi: utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo hiki kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Namba nzuri isikufanye upuuze dalili unazoziona kwa macho yako.

Halafu kuna mbabula. Usiku wa baridi watu wanaiingiza chumbani na makala yakiwaka. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Oksimeta ya kawaida haiwezi kutofautisha: inaweza kuonyesha 98 wakati mtu anakufa kwa sumu. Mbabula ilale nje, kila usiku, apnea iwepo au isiwepo.

Usiku wa kupima, abadilishe chochote?

Alale kama anavyolala siku zote. Kama jioni hunywa kasiksi au bia, au humeza dawa ya usingizi, msifiche, andikeni, maana vyote viwili hulegeza koo. Andikeni pia saa aliyolala, saa aliyoamka, na kama alilala chali. Rekodi iwe ya saa 4 au zaidi, na usiku mbili au tatu ni bora kuliko mmoja.

Rekodi ikitoka safi, tumemaliza?

Si lazima. Wapo wanaoamshwa na koo kabla oksijeni haijashuka sana, hasa wembamba, na oksimeta haisikii pumzi. Akiendelea kusinzia mchana, mwende kwa daktari na karatasi zenu zote. Na kama ni motari au dereva wa gari, asiendeshe akiwa na usingizi huo hadi aonwe.