Pasta ya Tui na Mchicha kwa Sufuria Moja: Dhana Potofu na Ukweli

Waitaliano walianzisha kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, katika miaka ya 1960, na pasta imekuwa ikiuzwa mjini kwa miaka mingi sasa. Hata hivyo, wapo bado wanaoihesabu kuwa chakula cha hotelini, kinachodai krimu ya dukani, jibini ya bei na vyombo vitatu jikoni. Dhana hiyo inawanyima watu mlo unaoiva kwa muda usiofika nusu saa, ambao viungo vyake karibu vyote vimo sokoni.

Linalopotosha zaidi ni dai kwamba bila krimu mchuzi hauwezi kuwa laini na mzito. Uzito huo hutokana kwanza na wanga. Pasta inapochemka hutoa wanga wake majini, na wanga huo ukikorogwa pamoja na mafuta huyazuia yasijitenge, hata mchuzi ukashika kila kipande. Ndiyo maana wapishi wa Roma hupika pasta iitwayo carbonara kwa mayai, jibini, nyama ya nguruwe na maji ya pasta, bila tone la krimu. Kwetu mafuta hayo yamo ndani ya nazi, na sioni sababu ya kuyatafuta kwingine. Tui jepesi la mkamuo wa pili ndilo la kuivishia pasta. Tui zito la kwanza hutiwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa. Wanaohofia kwamba tui litakatika wajue kuwa halikatiki kwa sababu ya pasta, bali kwa kuachwa litokote kwa nguvu bila kukorogwa, au kwa kutiwa ndimu likiwa bado motoni. Kwa hiyo likorogwe polepole kwa upawa, kama lifanyiwavyo katika mchuzi wa samaki, na ndimu ikamuliwe sahanini.

Wengine hushikilia kwamba pasta haiivi vizuri ila katika maji mengi yatakayomwagwa baadaye. Kwa gramu 250 za makaroni, vikombe vitatu vya maji na tui jepesi, yaani takriban mililita 750, vyatosha, mradi sufuria iwe pana na mpishi akoroge mara kwa mara, hasa katika dakika mbili za mwanzo ambapo vipande hupenda kugandana. Kinachozuia kugandana ni mkorogo huo, wala si mafuta yanayoelea juu ya maji. Kuiosha pasta iliyoiva ni kuutupa wanga ule ule tunaouhitaji. Chumvi nayo ipunguzwe, kwa kuwa hakuna maji yatakayomwagwa nayo. Nusu kijiko cha chai ni mwanzo mzuri, kisha mpishi aonje.

Kuhusu mboga, ipo desturi ya kuuchemsha mchicha peke yake, kuukamua na kumwaga maji yake, kwa kuaminiwa kwamba ndivyo unavyosafishika. Kuosha kwa maji safi mara kadhaa, mpaka mchanga uishe chini ya beseni, ndiko kunakosafisha. Kuchemsha na kumwaga huondoka na sehemu ya vitamini C na foleti, ambazo huyeyuka majini. Mchicha uliokatwakatwa hutiwa pasta ikikaribia kuiva, ukalegea kwa dakika mbili au tatu, na mafuta ya nazi yakausaidia mwili kuipata karotini iliyo ndani ya majani hayo. Sukuma wiki, ambayo ni ngumu zaidi, hutangulia kwa dakika tano hivi. Ila mnavu na mtsunga ni machungu, na kwa majani hayo desturi ya kuchemsha kwanza ina haki yake.

Halafu wapo wanaodhani kwamba mlo haujaiva mpaka sufuria ikauke. Pasta huendelea kunywa mchuzi hata baada ya kuepuliwa, kwa hiyo iepuliwe mchuzi ukiwa bado mwepesi kidogo kuliko unavyotakiwa, na pasta yenyewe ikiwa na ugumu mdogo katikati. Ikikaa dakika tatu chini ya kifuniko, mchuzi utakuwa umefikia uzito wake; ukizidi, vijiko viwili vya maji moto huurudisha.