Listi gani? Neno dogo linalochelewesha mizigo yenu bandarini

Ndugu zangu, nimeombwa niandike kidogo kuhusu nyaraka za mizigo maana malalamiko dirishani kwetu hapa bandarini yamezidi, na nikiyapitia moja moja naona mengi yanaanzia kwenye neno moja tu, listi. Mtu anaambiwa na wakala wake "lete listi", anakuja nayo, anaambiwa sio hiyo, anarudi Kariakoo na jua lote lile, anakuja na nyingine nayo sio, siku ya tatu anasema tunamzungusha tunataka kitu kidogo. Hatumzungushi jamani. Yeye ana listi yake kichwani, wakala ana yake, sisi tuna yetu, na wote tunatamka neno hilo hilo.

Juzi kati alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, listi hii hapa nimekuja nayo."

Akanipa simu. Ni skrinshoti ya WhatsApp, juu jina la duka la Guangzhou, katikati aina za vitenge na bei ya kila jora pembeni, chini imekatwa, na kilo sizioni popote. Nikamwambia mama hii ni prais listi, muuzaji anakuonyesha anauzaje, haionyeshi wewe umenunua nini wala kimefungwaje. Akaniangalia. "Sasa mwanangu, listi si listi?"

Nilicheka, ila swali ni zuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Neno ni la Kiingereza na huko kwao halikuanza na bidhaa wala majina ya watu, lilianza na kitambaa. Kiingereza cha zamani kabisa "list" ni pindo, ule ukingo wa nguo. Wafaransa nao walikuwa na "liste" maana yake ukanda au utepe, na wao waliipata kwenye lugha za jamii ya Kijerumani, kwa hiyo ni ukoo mmoja. Kutoka utepe wa nguo likahamia kwenye ukanda wa karatasi, mwembamba mrefu, na ukanda mwembamba huwezi kuandikia barua ya mchumba, unapanga kitu chini ya kitu, jina chini ya jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 Shakespeare kwenye Hamlet analitumia kwa maana hiyo hiyo tunayoijua leo, orodha ya watu. Wafanyabiashara wa nguo Uingereza waliendelea kuliita pindo "list" miaka mingi baadaye. Nilipomaliza yule mama akashika ukingo wa kitenge alichovaa, pale penye maandishi madogo ya kiwanda, akasema basi mwanangu listi ninayo mwilini, nigongee muhuri niende.

(Na msione Kiingereza tu ndio kina mambo. Daftari tumelitoa kwa Waarabu na Waajemi, mizizi yake ni Kigiriki na maana yake ilikuwa ngozi iliyotengenezwa, maana waliandikia ngozi. Sajili nayo ni Kiarabu, ukiifuata nyuma unakuta Kilatini, muhuri mdogo.)

Turudi kazini. Pakingi listi ni karatasi ya anayefunga mzigo. Inasema katoni au belo ngapi, alama gani zimeandikwa juu yake, ndani ya kila moja kuna nini, uzito pamoja na kifungashio, uzito bila kifungashio, na vipimo vya nje. Bei sio kazi yake. Bei inakaa kwenye invoisi. Zote mbili zinakuja pamoja na BL, ile hati ya usafirishaji anayotoa mwenye meli, na wakala anazitumia kuandaa tamko lako la forodha, ile TANSAD, ambapo kila aina ya bidhaa inapewa namba yake ya ushuru, tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima na kwa Afrika Mashariki tunafika 8. Ndio maana ukiandika "nguo mchanganyiko katoni 40" unakuwa hujasema kitu, kwa sababu kitenge cha jora, shati la mtoto na pazia hazikai namba moja. Manifesti, orodha ya mizigo yote iliyomo melini, ni ya mwenye meli, hiyo usihangaike kuitafuta. Tali ni hesabu inayopigwa wakati mzigo unashushwa, na hapo ndipo uongo wa pakingi listi unapojulikana, katoni 40 kwenye karatasi, 52 chini ya kreni.

Na hapa naomba tuelewane vizuri. Kuna msemo unazunguka eti pakingi listi "unajipangia tu mwenyewe" ili ushuru upungue. Sijui nani alianzisha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 203, anayetoa tamko la uongo au nyaraka ya uongo akitiwa hatiani ni kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Kimarekani. Haijalishi uliandikiwa na mpwa wako. Halafu kuna muda, kifungu cha 34, mzigo unatakiwa utolewe tamko ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha, labda uombe nyongeza ukubaliwe. Zikipita mzigo unaweza kupelekwa ghala la forodha, ukikaa humo siku 30 haujatolewa linatoka tangazo, zinahesabiwa 30 nyingine, baada ya hapo unahesabika umeutelekeza na unakwenda mnadani. Wanaolia mnadani wengi hawakukosa hela, walikuwa wanatafuta listi.

Kuna nyingine watu wanaziita listi wakati sheria hiyo hiyo inaziita majedwali. Jedwali la Pili ni vitu vilivyokatazwa au vyenye masharti, kwa mfano matairi yaliyotumika ya magari madogo, na sabuni au vipodozi vyenye zebaki, hivyo ni marufuku kabisa hata uje na listi iliyopambwa vipi. Jedwali la Tano ni la misamaha ya ushuru. Kusikia kwamba "kitu changu kipo kwenye listi" hakutoshi, uliza jedwali la ngapi.

Sasa kwa nyie mnaojitafsiria barua pepe za nje kwa simu, muwe makini, maana Kiingereza kina maneno yanayoandikwa hivyo hivyo na hayana undugu na pindo letu. Kijana mmoja aliniletea barua ya muuzaji iliyosema soko liko "listless", yeye kaelewa soko halina listi, akamjibu basi tutumie. Kumbe pale mzizi ni neno la kale la kutamani, soko limepoa, halina hamu. Lipo na la kusikiliza, nalo ni la kale, mtalikuta kwenye mashairi tu.

Ila lipo moja la baharini ambalo kwetu huku sio mchezo. Meli ikilala upande Waingereza wanasema ime-list, na asili yake wenyewe wataalamu wa maneno hawana uhakika nayo. Msichanganye na kwenda mrama. Mrama ni chombo kuyumba huku na huku kwa mawimbi, kinarudi kinasimama. Huku kulala kwenyewe meli imeinamia upande mmoja na haiinuki, maji yameingia au mizigo mizito imekaa upande mmoja. Nani aliwaambia wanaopanga mizigo melini kwamba kontena ile ni nyepesi? Karatasi. Ndio sababu tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena lenye mzigo lithibitishwe uzito wake kabla ya kupakiwa, bila hiyo halipandi. Kwa hiyo kilo zile mnazozikata kwenye skrinshoti ndizo hizo.

Yule mama nilimwelekeza amwambie muuzaji amtumie PDF nzima ya pakingi listi, kurasa zote, yenye jumla ya katoni na jumla ya kilo chini, na namba ya kontena ifanane na ya kwenye BL herufi kwa herufi. Ikija ina makosa, mwambie wakala aombe kurekebisha mapema. Mzigo ukishafunguliwa mbele ya mkaguzi na hesabu ikagoma, hayo tena ni maelezo sio marekebisho.