Mapatano Yasiyoandikwa Ndiyo Yanayowarudisha Watu Kwenye Ugomvi

Malalamiko yanayotufikia sisi tunaohudumu katika upatanishi hapa Nairobi yamechukua sura mpya. Wengi wanaokuja siku hizi ni watu waliokwisha kupatanishwa. Walikaa na mzee wa mtaa au chifu, wakapeana mikono, wakarudi nyumbani wakiwa na nia njema, na kabla ya miezi miwili kupita wakawa wanatupiana maneno juu ya jambo lile lile. Wanapofika kwetu, kila mmoja anadai kuwa mwenzake amevunja mapatano, na tukiwaomba karatasi ya mapatano hayo, mara nyingi hawana. Au wanayo, nayo imeandikwa mstari mmoja kwamba wahusika wameelewana na wataishi kwa amani. Mstari huo hauwezi kumsaidia yeyote.

Nichukue mfano wa kawaida kabisa. Mteja amempa fundi wa samani wa soko la Gikomba shilingi 30,000 za malipo ya awali atengenezewe makochi. Makochi yanafika, mteja anabonyeza sponji, anaona ni laini mno na kitambaa si kile alichochagua. Fundi anasema bei waliyokubaliana haiwezi kununua sponji ngumu. Sauti zinapanda, majirani wanajaa mlangoni, mzee mmoja anaingilia kati na kusema, "Fundi, mrekebishie mama kazi yake, na wewe mama, mmalizie pesa zake." Wote wanakubali na mzee anaondoka akiwa ametenda jambo jema. Lakini je, nani ananunua sponji mpya? Ya uzito gani? Makochi yanarudishwa Gikomba kwa mkokoteni wa nani? Salio linalipwa kabla ya marekebisho au baada yake? Na kama fundi hataleta kazi kufikia tarehe fulani, mteja atarudishiwa kiasi gani? Hakuna hata swali moja kati ya haya lililojibiwa, na ndiyo maana wiki tatu baadaye mmoja anatafuta wakili na mwingine amezima simu.

Mapatano yaliyokamilika yanataja majina kamili na nambari za vitambulisho, yanaeleza mgogoro ulikuwa upi, yanasema nani atafanya nini, lini, kwa gharama ya nani, na nini kitafuata asipofanya. Pesa zikitajwa, ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na njia ya malipo, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mtu aliyekasirika. Yaandikwe kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa. Yasomwe kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi, na kila upande ubaki na nakala.

Msingi wa kazi hii umo katika Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010, kinachoitaka Mahakama iendeleze maridhiano, upatanishi, usuluhishi na njia za kijadi za kutatua migogoro. Upatanishi unaosimamiwa na mahakama ulianza kwa majaribio katika mahakama za Milimani, hapa Nairobi, mwaka wa 2016, katika kitengo cha familia na kile cha biashara cha Mahakama Kuu. Faili huchunguzwa na naibu msajili, na ikionekana inafaa, wahusika hujulishwa, wakapangiwa mpatanishi aliyeidhinishwa, na shughuli ikapewa muda wa siku 60. Yanayosemwa humo ni siri na hayawezi kutolewa kama ushahidi upatanishi ukishindikana. Ukifaulu, makubaliano huwasilishwa mahakamani na kuwa amri ya mahakama, ambayo haikatiwi rufaa. Asiyehudhuria bila sababu hapaswi kudhani amekwepa jambo: mpatanishi huijulisha mahakama kwa maandishi, na mahakama inaweza kumtoza gharama au hata kuyatupilia mbali madai au utetezi wake.

Hapa lazima niseme jambo linalotuchosha. Mpatanishi si hakimu. Tunakutana kila mara na watu wanaoketi, wanakunja mikono na kungoja tutamke nani ana haki, kisha wanaondoka wakilalamika kwamba tumeegemea upande mmoja kwa kuwa hatukumkaripia mwenzao. Mpatanishi haamui. Kazi yake ni kuuliza, kusikiliza kila upande, wakati mwingine akiwa na mmoja mmoja faraghani, na kuwasaidia wahusika wenyewe wafikie jambo wanaloweza kulitimiza. Anayetaka uamuzi kuhusu deni au hasara isiyozidi shilingi milioni 1 anayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka wa 2021 na inayotakiwa kisheria kumaliza kesi ndani ya siku 60. Humo mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na mahakama hiyo pia inaruhusiwa kuwaelekeza wahusika wapatane. Madai ya ardhi, kashfa na ajira hayasikilizwi humo, na tunasikitika kuona watu wakipoteza siku nzima kwenye foleni kwa kutouliza mapema.

Migogoro ya kodi za nyumba inahitaji uangalifu zaidi. Mwenye nyumba anayepiga kufuli juu ya kufuli la mpangaji, au anayeezua mabati ili familia ihame, anajitwika kosa ambalo hakuwa nalo, hata kama anadai kodi ya miezi mitano. Mpangaji naye anayejificha kila tarehe 5 inapofika hajatatua chochote. Hawa wawili wakikaa na kuandika ratiba ya malipo ya kidogo kidogo, pamoja na tarehe ya kuhama ikiwa haiwezekani kuendelea, mara nyingi wanamalizana bila dalali wa mahakama. Ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Mapema mwaka wa 2008, katika mitaa kama Kibra na Mathare, ugomvi wa nyumba na kodi ulichanganyika na siasa na ukabila. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133 nchini kutokana nazo, nazo zilitulizwa na upatanishi ulioongozwa na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, hadi mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari mwaka huo. Mkataba huo nao uliandikwa, kipengele baada ya kipengele. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na tunawasihi viongozi wa mitaa wasiache migogoro ya ploti irundikane hadi wakati wa kampeni.

Sasa kuhusu makosa ya jinai, ambapo upotoshaji ni mkubwa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 176, inaruhusu mahakama kuhimiza maridhiano katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito, hata kwa kulipa fidia. Ni mahakama inayoruhusu, na ndani ya mipaka hiyo. Kupokea pesa au mbuzi ili kulificha kosa zito ni kosa la jinai kwa anayepokea, na mzee aliyeongoza kikao hicho asidhani heshima yake itamkinga.

Unajisi wa mtoto na ubakaji haupatanishwi. Familia mbili kuketi sebuleni, baba wa kijana akatoa bahasha na mama wa mtoto akaambiwa na mashemeji zake, "Dada, usiaibishe ukoo," ni kumtendea mtoto uovu kwa mara ya pili. Katiba yenyewe, katika Kifungu hicho hicho cha 159, inakataza njia za kijadi zinazokiuka Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayolinda haki za kila mtu. Kadhalika mke anayepigwa asirudishwe nyumbani kwa mapatano ambayo hakuwa huru kuyakataa. Woga si ridhaa.

Aliyedhulumiwa kingono apelekwe hospitalini mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari. Nguo hizo zifungwe kwenye karatasi au gazeti, zisitiwe kwenye mfuko wa plastiki. Simu ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia na 116 ni ya watoto, zote bila malipo. Kituoni cha polisi ombeni nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya uchunguzi wa daktari, ambayo polisi hawapaswi kuitoza ada yoyote.