Mtengeneza filamu wa kujitegemea ni nani? Tuangalie kutoka Kigoma

Mtengeneza filamu wa kujitegemea ni yule anayeibeba filamu yake tangu hadithi inapoandikwa mpaka inapomfikia mtazamaji, bila kampuni ya kumgharamia wala kumwamulia. Wengi hudhani kipimo ni bajeti ndogo. Hapana. Kipimo ni nani mwenye uamuzi, na nani mwenye haki ya kazi ikishakamilika.

Ukiwa Kigoma unaliona hili wazi. Biashara ya Bongo Movie ilikulia Dar es Salaam, wasambazaji wakiwa Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati kutoka hapa. Enzi za VCD na DVD, mara nyingi mtayarishaji alimkabidhi msambazaji masta, yaani nakala mama ya filamu, akalipwa mara moja, basi. Ziuzwe nakala elfu moja au laki moja, yeye hahusiki tena. Aliyetoka Ujiji au Mwanga hapa Kigoma, nauli na malazi vimeshamaliza akiba yake, angewezaje kukaa mjini akisubiri bei nzuri? Mtu alihangaika miezi na filamu yake, kisha haki zote zikaondoka kwa saini moja. Mimi huyo simhesabu kuwa alijitegemea, hata kama kamera ilikuwa yake.

Anayejitegemea kweli hapa Kigoma, fedha zake za kupigia filamu hutoka kwenye kupiga video za harusi, mahafali na matangazo ya maduka. Yeye ndiye mwandishi, mwongozaji, mpiga picha na mhariri; waigizaji ni vijana wa vikundi vya sanaa vya mtaani. Utajiri wake ni mahali: mwalo wa Kibirizi, taa za wavuvi wa dagaa usiku, Kiswahili kilichochanganyika na Kiha. Ila upepo wa ziwani huharibu sauti, na sauti mbaya huiua filamu haraka kuliko picha mbaya.

Kujitegemea hakumwondoi kwenye sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inamtaka awe na kibali kabla ya kupiga picha, na filamu ikaguliwe na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa. Kazi yake aisajili pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Siku hizi anaweza kuiweka YouTube mwenyewe, au kuipeleka kwenye chaneli kama Sinema Zetu ya Azam. Kumpa mtu haki ya kuonyesha kwa muda fulani si sawa na kumuuzia filamu. Kwa hiyo kwenye mkataba atafute muda, eneo na njia ya kuonyesha. Pasipoandikwa muda, aulize kabla ya kusaini.