Vuli ya Tanga si vuli ya Hannover: dhana potofu kuhusu kubadilisha vyungu vya maua ya ndani

Kwetu Tanga, mvua za vuli zikishaanza, mama alikuwa anatoa makopo yake yote ya maua uani, anagawa mashina, na majirani wanaondoka na miche imefungwa kwenye gazeti. Kila alichochomeka kilishika. Sasa huku Ujerumani, majira ya majani kupukutika nayo tunayaita vuli, maana yanaangukia miezi ileile. Jina moja, mambo mbalimbali. Vuli yangu ya kwanza hapa Hannover nilifanya kama mama: nilihamisha maua sita kwa siku moja, mwishoni mwa Oktoba. Kufika Januari yalikuwa yamebaki mawili.

Ndiyo maana naanza na dhana iliyoniponza.

"Vuli ni wakati wa kupanda, basi ndio wakati wa kubadilisha chungu."

Ukweli: kwa Tanga, sawa. Joto lipo, mchana una saa 12 na ziada, mmea unakua kwa nguvu zote. Hannover, ikifika katikati ya Desemba mchana hauzidi saa 8, na jua lenyewe linapita chini chini nyuma ya mawingu. Hita inapasha chumba joto, lakini mmea hauli joto, unakula mwanga. Mwanga ukipungua, unapunguza kukua na kunywa maji. Ukiuzungushia udongo mpya mwingi wakati huo, udongo unakaa na unyevu wiki nzima na zaidi bila mizizi ya kuunyonya. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ikikosa hewa, inaoza. Maua yangu manne yalikufa hivyo, wala si kwa baridi.

Mwanzoni mwa Septemba bado kuna nafasi, kama unaona mmea unatoa majani mapya. Baada ya hapo ni afadhali usubiri Machi, siku zinaporefuka. Kwa walioko nyumbani, tahadhari kama hii inawahusu zaidi wa Lushoto, Arusha au Nairobi katika baridi ya Juni mpaka Agosti, ingawa si kwa ukali wa huku. Dar na Mombasa, badilisha unapopenda, ila uweke mmea kivulini siku za mwanzo.

"Basi vuli usiguse mmea hata kidogo."

Wengine wanakwenda mpaka huku, na nimeona maua yakifa kwa heshima hiyo. Mizizi inayooza haisubiri Machi. Dalili yake inachanganya: majani yamelegea kama ya mmea wenye kiu, kumbe ukitia kidole udongo umelowa. Ukimwagilia zaidi, unaumalizia.

Uchomoe mmea, uuangalie. Mizizi mizima kwa kawaida ni myeupe au ya maziwa, migumu ukiibonyeza. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ukiivuta ganda linabaki vidoleni, ndani unabaki uzi mwembamba. Harufu yake utaijua, ni ya maji ya mtaroni. Kata yote iliyooza kwa mkasi safi, kung'uta udongo wa zamani, panda kwenye udongo mpya wenye unyevu kidogo tu. Na kama umekata mizizi mingi, chungu kipya kiwe kidogo kuliko cha mwanzo. Hili watu wengi wanakataa kuliamini.

"Chungu kikubwa, mmea mkubwa."

Kwa dhana hii nina mfano ninaoupenda, maana ni wa nyumbani. Mwaka 1892, mkuu wa wilaya wa Kijerumani huko Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau, akalipeleka kwao kwa baba yake. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen hapahapa Hannover, akalipa jina la kitaalamu: Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya bibi wa Kijerumani kila mtaa, na wao wanaliita kwa jina la Usambara mpaka kesho.

Kule milimani ua hili linaota kwenye miamba yenye kivuli, mizizi imeshika udongo mwembamba uliotanda juu ya mawe. Halijazoea shimo refu la udongo. Kipimo cha wakulima wake ni chungu chenye upana wa theluthi moja ya upana wa majani: majani yakitanda sentimita 27, chungu cha sentimita 9 kinatosha. Ukiliweka kwenye chungu kikubwa, udongo unakaa umelowa, shina linaoza, maua hayaji. Mimea mingine mingi ya ndani nayo inatosheka na chungu kilichozidi cha zamani kwa sentimita 2 au 3 tu.

"Weka kokoto chini ili maji yapite."

Tumelelewa na hili: vigae vilivyovunjika chini, udongo juu. Naomba ulijaribu mwenyewe. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowe kabisa, iinue ikiwa imelala mpaka iache kudondosha. Halafu isimamishe wima. Maji yanaanza kutoka tena. Udongo una tabia hiyohiyo: sehemu yake ya chini kabisa huwa imeshiba maji, na maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushindwe kuyabeba. Kwa hiyo kokoto hazikaushi mizizi, zinapandisha tabaka la tope lije karibu nayo. Kinachosaidia ni tundu chini ya chungu na udongo mwepesi. Mimi nachanganya udongo wa dukani na nyuzi za makumbi ya nazi na perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano. Udongo wa bustani peke yake unashindilia kama tofali.

"Mizizi ikishajaa chungu, mmea unateseka, hauwezi kungoja."

Mara nyingi unaweza. Tazama zamioculcas, ule mmea wa majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ambao kwa asili unaota kuanzia Kenya, Zanzibar ikiwemo, mpaka Afrika Kusini. Chini una viazi vinavyohifadhi maji. Wangu umevivimbisha mpaka chungu cha plastiki kimeacha umbo la duara, na umekaa hivyo kipupwe kizima cha huku bila jani kunyauka. Ukiona maji yanapita moja kwa moja bila kuloweka udongo, au mizizi imejizungusha kama kamba, andika kwenye kalenda, ungoje mwanga.

Yaliyobaki ni mafupi. Ua ulilonunua leo halihitaji chungu kipya leo, liache wiki mbili tatu lizoee nyumba. Dungusi ya Krismasi ikiwa na vichomozo vya maua, usiiguse, itavidondosha. Mbolea mara baada ya kuhamisha haisaidii, maana udongo mwingi wa dukani unauzwa ukiwa na mbolea ya wiki kadhaa, na mizizi iliyokatwa inaungua kwa chumvi yake.

Machi huku siku zikirefuka, Tanga masika ndiyo yanaingia. Mama ananipigia simu ya video akiwa uani na makopo yake, nami nimetandaza gazeti jikoni, udongo umenijaa kuchani. Anataka nimwoneshe mizizi kwanza kabla ya majani.