Je, wajua kwa nini kuna sayari ndogo iitwayo Mombasa, na 1428 ni namba ya nini?

Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna jiwe jeusi lenye upana wa kilomita 60 hivi, ambalo katika orodha za wanafalaki huandikwa 1428 Mombasa. Nilipoliona jina hilo kwa mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo huenda ni jepesi kwa mtu aliyelelewa Mji wa Kale wa Mombasa: niliichukua 1428 kuwa mwaka wa Hijria, nikapiga hesabu, nikapata 2007 Miladia, na kwa muda mrefu nikawaeleza watu, kwa uhakika nisioustahili, kwamba sayari hiyo iligunduliwa mwaka huo na mtu aliyekuwa akitazama anga kutoka pwani yetu.

Hakuna hata kimoja kilichokuwa sahihi. Iligunduliwa tarehe 5 Julai 1937 na mwanafalaki Cyril Jackson, ambaye alikuwa Johannesburg, na 1428 si mwaka wa kalenda yoyote. Hata tafsiri niliyoikimbilia baada ya kusahihishwa, kwamba hii ni sayari ndogo ya 1428 kuonekana na binadamu, ina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo inayofungua mlango wa kuelewa majina haya yanavyopatikana.

Jiwe jipya likionekana halipewi jina, wala halipewi namba. Hupewa utambulisho wa muda: mwaka, herufi ya nusu ya mwezi, kisha herufi ya mfuatano ndani ya nusu hiyo. Mkaazi wa Mombasa hatapata taabu hapa, kwani ndivyo anavyoitazama namba ya matatu na kujua kwamba inayoanza kwa KA ni kongwe kuliko inayoanza kwa KD. Mombasa ilisajiliwa kama 1937 NO. Ukihesabu herufi huku ukiiruka I, ambayo huachwa isije ikadhaniwa kuwa tarakimu 1, N inaangukia siku 15 za mwanzo za Julai, na O ni herufi ya 14, yaani jiwe la 14 kusajiliwa katika siku hizo.

Namba ya kudumu, kama hii 1428, husubiri kitu kingine kabisa, nacho ni kujulikana kwa njia ya jiwe kulizunguka Jua. Chukua mfano wa mtu aliyeketi ufukweni Mama Ngina, Mombasa, akaona tanga kwa dakika tano likitoka baharini. Anaweza kusema chombo kipo wapi, na kwa kukisia kinaelekea upande gani, lakini hawezi kusema kama kinakwenda Vanga, Wete au Lamu, kwa sababu kipande cha dakika tano cha safari zote hizo hufanana machoni. Akipata habari kwamba kimeonekana tena Shimoni siku ya pili, safari ya Lamu inafutika. Kila kinapoonekana upya safari kadhaa huondolewa, mpaka ibaki moja tu. Sasa ongeza kwamba mtazamaji mwenyewe yumo katika chombo kinachokwenda, maana Dunia nayo inazunguka, na kwamba tanga huonekana vizuri kwa msimu tu, pale Dunia inapopita kati ya Jua na jiwe hilo. Kwa kawaida huhitajika misimu minne au zaidi ya namna hiyo kabla ya namba kutolewa, ingawa mawe yanayopita karibu nasi huweza kuhitaji michache. Hofu ya kulipoteza jiwe si ya kinadharia: Ceres, ya kwanza kabisa, ilionekana Palermo tarehe 1 Januari 1801, ikapotelea kwenye mwanga wa Jua, na ikapatikana tena mwishoni mwa mwaka kwa sababu tu mwanahisabati Gauss aliikokotoa njia yake.

Baada ya namba ndipo mgunduzi hupata miaka kumi ya kupendekeza jina. Mtoto hungoja akika siku saba. Hapa kungoja kwaweza kuwa kwa miongo. Jina lisizidi herufi 16, litamkike, lisimtukane mtu, lisiwe tangazo la biashara, na kama ni la mwanasiasa au mwanajeshi, basi yapite miaka 100 tangu afariki. Kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ndiyo huamua. Haliuzwi. Majina ya wanyama wa nyumbani hayapendelewi tangu sayari ndogo 2309 ilipoitwa Mr. Spock, ambaye hapo hasa ni paka wa mgunduzi, jambo ambalo Mji wa Kale tungeliona la haki kabisa. Mawe yenye namba yamepita laki saba, lakini yenye majina hayafiki elfu 30.

Jina basi halilielezi jiwe. Jackson alikwisha kuyapa mawe mengine majina ya Africa, Kenya na Uganda, na ukizisoma namba kuanzia 1427 unapata Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, Luanda, Ethiopia, kama mtu anayepitisha kidole kwenye ramani, ingawa kwa Luanda kidole kiliruka bara zima. Hata kilomita 60 ni makadirio, kwa kuwa jiwe jeusi hurudisha mwanga kidogo na upana wake hutegemea weusi uliokisiwa.

Ama ile tafsiri yangu ya pili, kwamba Mombasa ni ya 1428 kuonekana, Pemba inatosha kuivunja. Namba yake ni 1429, moja baada ya Mombasa, lakini utambulisho wake wa muda ni 1937 NH, na H hutangulia O: Pemba ilisajiliwa kwanza, Mombasa ikaitangulia kwa namba.